"Afande, niko ndani ya spidi, sasa kosa langu nini?" Kesi ya kukaa kwenye leni ya kuovateki

Chukua barabara kuu ya leni mbili kila upande, kibao kinasema 110, na kuna jamaa yuko leni ya kuovateki anatembea 108. Mkanda kafunga, simu kaweka mbali, mikono miwili kwenye usukani, hana papara na mtu. Kwa macho yake mwenyewe yeye ndo dereva bora kuliko wote barabarani. Nyuma yake kuna gari kumi na moja zimebanana, na leni ya pembeni yake iko nyeupe kabisa. Askari anamsimamisha, jamaa anashusha kioo, na swali lake ni lilelile wanalouliza wote: afande, niko ndani ya spidi, sasa kosa langu nini?

Swali zuri tu, ila watu hawajibiwi, wanaishia kutukanana, huyu anasema wewe kobe unatuziba, yule anasema wewe muuaji unakimbiza gari. Ukikaa ukazisoma sheria zenyewe za nchi tofautitofauti unakuta nyingi hazina habari kabisa na hiyo 108 yako. Hazimtafuti anayeenda polepole, maana polepole ina leni yake na hakuna anayekugombeza ukiwa huko. Zinamtafuta aliyekaa.

Tuweke majina sawa kwanza. Wanaoendesha kulia kama Marekani na Ujerumani, leni ya kuovateki ni ya kushoto kabisa, wanaoendesha kushoto kama Uingereza na Japani ni ya kulia kabisa. Kwa kifupi ni ile iliyo upande aliokaa dereva, karibu na katikati ya barabara. Jamaa yetu mchukulie yuko nchi ya kuendesha kulia, kwahiyo yeye kaganda kushoto. Mtaani watu wanaiita leni ya spidi na mimi naona hilo jina ndo limeleta nusu ya ugomvi, kwasababu ukishaiita leni ya spidi kila anayejiona ana spidi ya kutosha anaenda kupanga chumba humo. Ni sehemu ya kupitia, unaingia, unampita mtu wako, unarudi.

Walioinyoosha hii kitu vizuri ni Wajerumani. Kanuni zao za barabarani, StVO, kifungu cha 2 kinasema kaa kulia kadiri inavyowezekana, kifungu cha 5 kinasema kuovateki ni kwa kushoto. Utamu uko kwenye kuziunganisha hizo mbili. Kumpita mtu kwa kulia nje ya mji ni euro 100 na pointi 1 ya adhabu kwenye rekodi yako ya udereva, ukiacha hali za foleni na mambo kama hayo, maana yake mtu mmoja akiganda kushoto bila sababu amefunga barabara nzima, leni ya kulia inaweza ikawa tupu kilomita tatu mbele na hakuna mwenye ruhusa ya kuitumia kumzunguka. Ndo maana na yeye ana tiketi yake, akiganda kushoto kwenye Autobahn, zile barabara zao kuu za kasi, akazuia wenzake ni euro 80 na pointi 1. Hizo kanuni zinategemeana, huwezi kumwambia wa nyuma asipite kulia halafu wa mbele ukamwacha alale kushoto.

Na kumbuka Autobahn sehemu kubwa, kama asilimia 70, haina kikomo cha spidi, kuna 130 ya kushauriwa tu. Kwahiyo wewe una 120 na anayetokea nyuma ana 200. Tofauti ya 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Unamuona kwenye kioo ni kidoti, unatupa jicho mbele kidogo, ukirudisha macho kajaa kioo kizima. Kule kuangalia kioo kabla ya kutoka siyo ustaarabu, ni uhai wako.

Marekani ni hadithi nyingine. Kwanza sheria za barabarani ni za kila jimbo, kwahiyo unaweza kuendesha masaa matatu ukawa umevuka sheria mbili tofauti bila gari kubadili leni. Halafu majimbo mengi yanaruhusu kumpita mtu kwa kulia kwenye barabara ya leni nyingi. Aliyeganda kushoto hafungi barabara, anawalazimisha watu wamzunguke, na kule kumzunguka ndo penye hatari yenyewe, mtu anatoka kushoto anaingia kulia, anakanyaga mafuta, mbele kuna lori, anachomekea tena kushoto kwenye kanafasi ka gari moja na nusu, na nyuma yake wa pili naye anafanya hivyohivyo.

Ukizikusanya sheria za majimbo zinaangukia kwenye mafungu matatu manne hivi. Kuna wanaosema leni ya kushoto ni ya kupita tu, Colorado ni hivyo kwenye barabara zenye kikomo cha maili 65 kwa saa na kuendelea, kama kilomita 105. New Jersey nao wanataka ukishapita urudi kulia, na mwaka 2013 faini ikapandishwa ikawa dola 100 hadi 300. Fungu lingine linasema toka kama unajua, au ulipaswa kujua, kwamba kuna mtu nyuma yako anakuja na spidi kubwa kuliko yako. Georgia waliipitisha 2014, Indiana 2015 na kwao faini inaweza kufika dola 500. Hayo maneno "ulipaswa kujua" yamewekwa kwa akili sana, yanaua ule utetezi wa "sikumuona". Kioo unacho, ulipaswa kuangalia. Tennessee wao 2016 wakaweka dola 50 kwa barabara kuu zenye leni tatu au zaidi kwa upande mmoja, Virginia 2017 wakaweka dola 100. Texas kibao ndo kinaongea, pakiandikwa leni ya kushoto ni ya kuovateki tu basi ni hivyo.

Fungu lililobaki ndo linamgusa jamaa yetu wa 108. Hawa hawasemi kupita tu, wanasema anayeenda polepole akae kulia. Sasa polepole kuliko nini? Hapo ndo majimbo mawili yanaweza kukupa majibu mawili yanayopingana kwa gari hilohilo. North Carolina sheria inamtaka akae kulia yule anayeenda chini ya kikomo cha juu cha spidi, kwahiyo ukiwa na spidi ya kibao umejitetea vizuri tu. California kifungu cha 21654 kinaanza kwa kusema bila kujali vikomo vya spidi, yeyote anayeenda chini ya mwendo wa kawaida wa magari ya upande wake kwa wakati ule akae kulia. Mwendo wa kawaida, siyo mwendo wa kibao. Wote wakiwa wanatembea 120 na kibao ni 105, wewe mwenye 105 ndo mwenye kuhama.

Hapo najua kuna mtu anaruka, inamaana serikali inalinda wanaovunja sheria? Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Wewe kukaa leni isiyo yako ni kosa moja. Yule wa nyuma kuzidisha spidi ni kosa jingine, la kwake, na anaweza kupigwa tochi kilomita mbili mbele bila kujali wewe ulihama au hukuhama. Askari akiwa na nguvu anaweza kuwaandikia wote wawili sehemu moja, tiketi hazifutani. Tatizo la jamaa yetu ni kwamba anajipa kazi ya uaskari, anasema siwezi kumpisha anayekimbia, nitamsaidia kuvunja sheria. Nia yake naielewa ila hana king'ora, hana tochi, na hawezi kumpunguza spidi mtu mwenye hasira, anachofanya ni kumsogeza karibu na bampa lake la nyuma.

Na huyo wa nyuma naye asijione mtakatifu. Ujerumani hiyohiyo inayokutaka upishe inamruhusu wa nyuma, nje ya mji, atoe ishara fupi ya taa au honi kwamba anataka kupita. Fupi. Akianza kukung'ang'ania matakoni kwa dakika nzima huku anamulika full kama disko, kesi inatoka kwenye faini inaingia kwenye jinai, wanaita Nötigung, kumlazimisha mtu kwa vitisho, kifungu cha 240 cha sheria ya makosa ya jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo. Japani nako vivyohivyo, kuganda leni ya kuovateki ni kosa, gari dogo unalipa yen 6,000 na pointi 1, lakini tangu Juni 2020 kumsukuma mwenzako kwa kumkaribia na kumtisha ni kosa la jinai linalojitegemea, kifungo hadi miaka 3, na kama umesababisha hatari kubwa kama kumsimamisha mtu katikati ya barabara ya kasi ni hadi miaka 5. Ukilinganisha hizo adhabu unaona wenyewe wanamuogopa nani zaidi. Aliyeganda ni kero, anayesukuma ni hatari.

Kuna watu wawili ambao wote wanafuata sheria ya spidi na bado wanaziba barabara, nao ni malori. Ulaya malori makubwa yanafungwa kifaa cha kuzuia spidi, mwisho 90. Lori A lina 88, lori B lina 90, dereva wa B anaona anacheleweshwa, anawasha indiketa anatoka. Piga hesabu. Kila lori lina mita kama 16 na nusu, ukiongeza nafasi ya mita 50 nyuma na 50 mbele ili arudi salama, B anatakiwa kumzidi A kwa mita 133. Tofauti yao ni kilomita 2 kwa saa, yaani nusu mita na ushee kila sekunde. Jibu ni sekunde 240. Dakika nne nzima, na kwa spidi ile wametembea kilomita 6 wakiwa bega kwa bega kama maharusi huku nyuma dunia imesimama.

Wajerumani wana jina lake, wanaita mbio za tembo. Mahakama ya rufaa ya Hamm mwaka 2008 ilibidi ijibu swali ambalo sheria ilikuwa imeliacha hewani, kuovateki kunatakiwa kuchukue muda gani? Kanuni ilikuwa inasema tu uwe na spidi kubwa ya kutosha kuliko unayempita. Mahakama ikatoa kipimo cha mkono, sekunde 45, sawa na tofauti ya kilomita 10 kwa saa hivi. Weka kwenye hesabu yetu, tofauti ya 10 ni mita 2.78 kwa sekunde, mita 133 unazimaliza kwa sekunde 48. Inaingiana kabisa, walioandika hukumu walikuwa na kikokotoo mezani. Kwahiyo unaweza kuwa unaovateki kwelikweli, indiketa imewaka, kila kitu, na bado ukawa na kosa kwasababu unaovateki kama konokono.

Uingereza ugonjwa wao ni leni ya katikati. Barabara ina leni tatu, mtu anaingia anaenda moja kwa moja katikati anatulia hapo mpaka anafika, kushoto kweupe. Kanuni ya 264 ya mwongozo wao wa barabara inasema kaa kushoto kama huovateki, imekuwepo siku nyingi, ila zamani kumshtaki mtu kwa uendeshaji wa kizembe ilibidi iende mahakamani kwahiyo askari wengi walikuwa hawajisumbui. Agosti 2013 wakaruhusiwa kumuandikia palepale, pauni 100 na pointi 3. Watu walilalamika kwamba katikati siyo leni ya kuovateki, sasa namzuia nani? Mfikirie aliyeko leni ya kushoto nyuma yako ana spidi kubwa kidogo kuliko yako. Kukupita kwa kushoto kwao mwongozo unamkataza, kwahiyo anatakiwa atoke kushoto aende katikati, katikati aende kulia, akupite, arudi katikati, arudi kushoto. Mara nne kubadili leni kwa ajili ya mtu mmoja. Na lori la zaidi ya tani 7.5 haliruhusiwi kabisa leni ya kulia kwenye barabara za leni tatu, kwahiyo lori likikukuta katikati limekwama, wewe kwake ni ukuta. Wajerumani hapa ni wapole zaidi, kwenye leni tatu wanakubali ubaki katikati kama kulia kuna magari ya polepole hapa na pale, ili usiwe unaingia na kutoka kama cherehani.

Lakini je, kweli mtu mmoja anaweza kuharibu barabara nzima? Kuna jaribio lilifanyika Japani, matokeo yakachapishwa 2008 na kina Sugiyama, waliweka gari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende 30 kwa saa, fuata aliye mbele yako, basi. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna ajali. Mwanzo wanazunguka vizuri, baadaye mmoja anakaribia kidogo anagusa breki, wa nyuma anagusa zaidi, wa nyuma yake zaidi, na baada ya muda kuna watu wamesimama kabisa huku foleni yenyewe inatembea kurudi nyuma kama kilomita 20 kwa saa. Hakuna aliyekosea. Sasa chukua lile kundi la gari kumi na moja nyuma ya jamaa yetu, wamebanana, mmoja anachoka anachomoka kulia, anachomekea mbele, anayechomekewa anashika breki. Umeshaanzisha wimbi, na atakayesimama ni mtu aliye kilomita mbili nyuma ambaye hatajua mpaka anakufa kilichomsimamisha.

Kwa upande wa ajali napo kuna ubishi wa kitaalamu ambao watu huwa wanauleta nusu. Mwaka 1964 Mmarekani David Solomon alichora mchoro uliokuja kuwa maarufu, una umbo la herufi U, unaonyesha walioenda karibu na wastani wa spidi ndo walikuwa na ajali chache, na waliotoka kwenye wastani, juu au chini, zinapanda. Wapenda mwendo mchoro huu wanaupenda, wanasema unaona, wa polepole ni hatari kama wa kasi. Tatizo ni kwamba data zake zilikuwa za barabara zenye njia za kuingilia na kutokea, kwahiyo gari iliyopunguza kwasababu inakata kona ikagongwa ilihesabiwa kama gari ya polepole. Watafiti wa Adelaide, Australia, walipokuja kupima kwa njia nyingine barabara za vijijini mwaka 2001, upande wa kasi ulipanda vilevile lakini upande wa polepole haukupanda. Kwahiyo ukitaka kumtetea anayekukemea uhame leni, usitumie Solomon peke yake, utaumbuliwa. Hoja iliyo imara ni ya kubadilibadili leni na kubanana, siyo kwamba polepole inaua.

Sasa kama sheria zipo kila mahali mbona wanaoganda bado wamejaa? Kwasababu ni kosa gumu kulishika. Spidi ina kamera, kamera inapiga picha sekunde moja imemaliza. Kuganda siyo picha, ni muda, askari inabidi akufuate, aone kulia palikuwa na nafasi, aone hukuwa unampita mtu, aone kuna watu umewazuia, na huku una lundo la sababu halali: unakaribia kutokea kushoto, kuna foleni leni zote, kuna gari ya wagonjwa imesimama pembeni na sheria yenyewe inakutaka uiachie leni, kuna watu wanaingia kutoka barabara ndogo umewapisha. Bila maelezo mazuri tiketi inakufa mahakamani.

Na huo ulegevu wa kulishika kosa unakata pande zote mbili. Kosa ambalo kila mtu analifanya mara kwa mara ni kisingizio kizuri cha kusimamisha yeyote. Marekani mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 1996, kesi ya Whren, kwamba askari akiona kosa la barabarani kweli, nia yake ya moyoni ya kukusimamisha haijalishi. Kwahiyo sheria ya leni ya kushoto iliyoandikwa kwa upana sana inampa askari funguo za kila gari. Florida mwaka 2024 wabunge walipitisha sheria ya kuzuia kukaa kushoto kwenye barabara za maili 65 na zaidi hata kama humzuii mtu, gavana Ron DeSantis akaikataa Juni mwaka huohuo, akisema ni pana mno na itawakamata hata wasiomzuia yeyote. Waliokuwa wanaisubiri walikasirika, mimi naona kwenye hilo la upana alikuwa na hoja. Wa Georgia na Indiana, wanaosema toka ukiwa na mtu nyuma, wamegusa panapouma bila kumkamata aliye peke yake saa nane usiku.

Kuna kimoja kimezidi siku hizi nacho ni zile gari zinazoshika spidi zenyewe. Umeweka 110, wa pembeni yako kaweka 109, umetoka kumpita na mguu uko sakafuni umepumzika. Gari mbili ndogo na nafasi ya kurudi ni kama mita 90, tofauti yenu ni sentimita 28 kwa sekunde, utampita kwa zaidi ya dakika tano na kilomita karibu kumi. Hujaganda, unaovateki, kompyuta ndo inaovateki. Gusa mafuta kidogo mpaka umalize kama kibao kinakuruhusu, kama hakikuruhusu rudi nyuma yake ukae, hiyo kilomita moja anayokuchelewesha kwa saa nzima ya safari inakugharimu nusu dakika.